Kuondoa alumini iliyogandia kwenye silinda ya chenso: mwongozo kamili

Kijana alifika na chenso, msumeno wa mashine, imefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda, vumbi la mbao bado limejaa kwenye fini, yale mapezi ya kupozea silinda.

"Shikamoo fundi. Imenoki."

"Marahaba. Oili uliweka?"

Akatazama pembeni kidogo. "Niliweka ya kukadiria."

Hapa Mafinga, penye misitu ya kupandwa pande zote, maneno hayo nayasikia kila mara. Kunoki ni pistoni kukwama ndani ya silinda. Nilifungua egzosi, nikamulika kwa tochi ya simu kupitia tundu lake. Pistoni ilikuwa na michirizo ya wima kama iliyoparuliwa na paka, ringi imezama na kukwama kwenye mfereji wake, na ukuta wa silinda upande wa egzosi umepakwa utepe wa rangi ya fedha, mpana kama dole gumba.

Utepe huo ndio habari yetu. Wengi wakiuona wanadhani silinda imechimbika, wanaitupa. Mara nyingi silinda haijachimbika. Kilichotokea ni kwamba pistoni, ambayo ni ya alumini, imepata joto, ikavimba, ikakosa oili, ikajisugua mpaka ngozi yake ikahamia ukutani. Ukiondoa ile alumini ya kigeni bila kugusa kilicho chini yake, unaweza kukuta silinda nzima kabisa. Sharti lenyewe ni hilo la "bila kugusa", na ndipo mafundi tunapoharibu.

Tambua kwanza silinda yako ni ya aina gani

Silinda ya chenso nzuri ni ya alumini mwili mzima, fini zake pia. Ndani imepakwa tabaka gumu jembamba sana, halifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Tabaka hilo huwa ni kromu ngumu, au mchanganyiko wa nikeli na chembe za silikoni kabaidi unaoitwa Nikasil, ambao kampuni ya Mahle ya Ujerumani iliuanzisha mwaka 1967. Ndilo linalobeba kazi yote. Likiisha, umebaki na alumini inayosugua alumini, na hakuna kilainishi cha kuokoa hapo.

Silinda nyingine, hasa za jenereta ndogo, pampu za maji na pikipiki nyingi, zina laina ya chuma, yaani bomba la chuma lililowekwa ndani. Chukua sumaku ndogo, ile ya spika mbovu inatosha, uigusishe ukutani kwa ndani. Iking'ang'ania kwa nguvu, ni chuma. Ikishika kwa ulegevu au isiposhika kabisa, una tabaka la nikeli au kromu.

Kazi nitakayoeleza inafaa kwa zote tatu. Tofauti inakuja mwishoni: laina ya chuma unaweza kuihoni, yaani kuisugua ndani kwa jiwe, au kuipanua ukaweka pistoni ya saizi ya juu. Yenye tabaka usiitie jiwe la kuhoni hata kwa kujaribu.

Kwa nini kostiki na si asidi

Alumini ni metali ya ajabu kidogo: inaliwa na asidi na inaliwa na magadi makali pia. Nikeli, kromu na chuma haviko hivyo. Kostiki soda ya baridi, ile wanayonunua akina mama wanaotengeneza sabuni, inakula alumini kwa pupa lakini nikeli, kromu na chuma inaviacha vilivyo.

Asidi ya hidrokloriki, ile iliyomo kwenye dawa nyingi za kusafishia choo na vigae, nayo inakula alumini, ndiyo maana mafundi wengi wanaipenda. Lakini kromu inaimaliza, chuma inakila, na nikeli inaitafuna polepole ukiichelewesha. Halafu kuna ule mvuke. Nikiwa bado saidia fundi tuliacha kopo la asidi wazi chini ya meza usiku mmoja. Asubuhi spana zote ukutani zilikuwa na kutu ya rangi ya chungwa, hata zile zilizokuwa mita tatu kutoka kwenye kopo. Tangu siku hiyo asidi haiingii kwenye banda langu. Isitoshe, kreki-kesi za chenso nyingi, yale makasha yanayobeba kranki, ni za magnesi, na magnesi mbele ya asidi haina ubishi.

Asidi ya betri nayo achana nayo. Ni asidi ya salfuriki, itakuunguza wewe kabla haijamaliza kazi.

Angalizo la majina: magadi ya kupikia maharage si kostiki, usiyachanganye. Na zile dawa za punje za kuzibua mabomba ya sinki zisome kwanza. Baadhi zina kostiki iliyochanganywa na vipande vya alumini makusudi ili zichemke zenyewe. Nunua kostiki tupu, nyeupe, ya vipande au punje, iliyofungwa vizuri. Ikikaa wazi inavuta maji hewani na kugeuka uji.

Kujikinga

Sehemu hii usiiruke. Kostiki ina ujanja mmoja mbaya: ikikugusa haikuumi papo hapo kama moto. Unahisi utelezi tu, kama sabuni kwenye vidole. Utelezi huo ni mafuta ya ngozi yako yanayogeuzwa sabuni kweli. Ukihisi utelezi, tayari imeanza kukula, kimbilia maji.

Vaa miwani inayofunika jicho pande zote. Miwani ya jua haitoshi, tone huingia kwa pembeni. Vaa glavu za mpira zilizo nzima, zipulize kwanza kama puto uone kama zina tundu. Mikono mirefu, viatu vya kufunika. Weka ndoo ya lita 20 ya maji safi pembeni, imejaa, kabla hujafungua kostiki.

Fanya kazi nje, penye upepo. Kostiki ikila alumini inatoa gesi ya hidrojeni, nayo inashika moto kwa urahisi. Sigara hapana, jiko la mkaa hapana, grenda ya jirani inayorusha cheche hapana. Petroli uliyooshea vyuma iondoe kabisa eneo hilo.

Ikikugusa ngozi, vua nguo iliyoloa na umwagie maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake siki wala ndimu kwenye ngozi, kule kupambana kwa asidi na kostiki kunaleta joto juu ya kidonda. Ikiingia jichoni, fungua kope kwa vidole, osha mfululizo dakika 20 au zaidi, halafu hospitali siku hiyo hiyo hata kama unaona vizuri. Mtu akiinywa, asitapishwe, asukutue mdomo na apelekwe hospitali haraka. Ndiyo sababu siku zote nasema: kostiki isiingie kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa dakika moja, hata kama umeandika juu yake. Mtoto hasomi.

Na mabaki ya dawa ya choo, jiki na vitu vya namna hiyo visikutane kwenye ndoo moja. Dawa ya choo yenye asidi ikichanganyika na jiki inatoa gesi ya klorini.

Kuandaa silinda

Toa silinda kwenye mashine kabisa. Usijaribu kusafisha ikiwa imefungwa, matone yatashuka kwenye beringi za kranki na huko hutayafuata. Ziba mdomo wa kreki-kesi kwa kitambaa safi.

Osha silinda kwa petroli kutoa oili na masizi, iache ikauke kabisa, kisha ioshe tena kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Kostiki haipenyi kirahisi kwenye oili, itakula pale pasipo na oili na kuacha pale penye oili, utapata madoa ya ajabu.

Vinundu vikubwa vya alumini vinavyoshikika kwa ukucha vitoe kwa kipande cha shaba nyeupe au kijiti cha mti mgumu kilichochongwa bapa. Bisibisi iache. Bisibisi ikiteleza mara moja tu kwenye ukingo wa tundu la egzosi, tabaka linabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu, na hapo umejitafutia silinda mpya.

Sasa kinga sehemu ambazo ni alumini halali: kingo na kuta za matundu, sehemu ya kukaa gaskiti, na uzi wa plagi. Ninayotumia ni nta ya mshumaa. Pasha silinda juani ipate uvuguvugu, yeyusha mshumaa, paka nta kwa kijiti ndani ya matundu na kwenye sehemu ya gaskiti. Nta haijali kostiki. Grisi inasaidia kwa muda mfupi tu, maana nyingi zina mafuta au sabuni ndani yake na kostiki inazilegeza.

Kuchanganya

Chukua bakuli la plastiki nzito, maji baridi mililita 200, na kostiki gramu 20. Kwa silinda moja yanatosha na kubaki.

Maji kwanza, kostiki baadaye, kidogo kidogo, huku ukikoroga kwa kijiti cha mti. Ukigeuza ukamwaga maji juu ya kostiki, joto linapanda ghafla na mchanganyiko unakurukia usoni. Hata ukifuata utaratibu bakuli litapata moto mkononi. Liache lipoe.

Kuna kosa la kizembe ambalo nimeliona kwa macho: fundi kukorogea kwenye sufuria. Sufuria zetu nyingi ni alumini! Ilichemka yenyewe bila jiko, povu jeusi likamwagika mpaka kwenye meza. Kijiko cha alumini vilevile.

Mchanganyiko mwepesi una tabia ya kutiririka kwenda usikotaka. Ukitaka utulie, tia kijiko kimoja cha wanga wa muhogo, koroga, subiri. Kostiki inaupika wanga bila moto, unapata kitu kama uji mzito unaoshika ukutani.

Kazi yenyewe

Ilaze silinda upande wa egzosi ukiwa chini, ili utepe wa alumini ukutazame. Chovya kijiti chenye pamba, kile cha masikio, kikamue kidogo kwenye ukingo wa bakuli, kisha pakaza juu ya utepe tu. Usimwage kamwe, wala usiitumbukize silinda. Silinda nzima ni alumini, kostiki haitajua ipi ya pistoni na ipi ya kwako.

Sekunde chache hakuna kitu. Halafu utaona viputo vidogo sana, kama vya soda iliyofunguliwa jana, vikiota kwenye mstari mmoja, kisha mwingine. Baada ya nusu dakika utepe wote unatoa povu na rangi ya fedha inaanza kuwa kijivu. Ukisogeza sikio utasikia mchakacho wake, ila usisogeze uso. Mvuke unaopanda unabeba vitone vya kostiki na unakereketa koo.

Hesabu dakika moja. Futa kwa pamba yenye maji, tazama, pakaza tena. Dakika, futa, tazama. Utepe mwembamba humalizika kwa raundi nne au tano. Ule mnene wa yule kijana ulinichukua raundi kumi na kitu, karibu saa nzima na mapumziko. Ukisema uache dakika ishirini ukanywe chai, utarudi ukute ukingo wa tundu umeliwa umekuwa kama biskuti iliyong'atwa.

Katikati ya kazi utaona weusi kama masizi. Usiogope, wala usiusugue kwa hasira. Alumini ya pistoni imechanganywa na silikoni na metali nyingine ambazo kostiki haizili vizuri, zinabaki kama unga mweusi. Unafutika kwa pamba, na chini yake alumini nyingine inaanza kutoa viputo upya.

Viputo ndivyo vinavyokuambia umefika wapi. Penye viputo pana alumini, pasipo na viputo umeshafika kwenye tabaka. Utepe ukinyamaza kabisa, ukipaka kostiki mpya na hakuna kinachoota, simama hapo. Lakini kama doa moja linaendelea kutoa viputo huku halina mwinuko wowote, ukipitisha ukucha unaona shimo badala ya kinundu, basi tabaka limeisha hapo na unachokula sasa ni mwili wa silinda. Osha mara moja. Silinda hiyo imekufa, na mwambie mwenyewe ukweli. Kama ni laina ya chuma, doa la namna hiyo halipatikani, labda mkwaruzo wa kawaida unaoweza kuhonika.

Kuosha na kukagua

Mwaga maji mengi juu ya silinda, ndani ya matundu, kwenye uzi wa plagi. Kisha paka siki ya jikoni ndani, dakika moja tu, kuua kostiki iliyojificha kwenye vinyweleo. Osha tena kwa maji ya moto, ambayo pia yatatoa nta. Chungulia kila tundu uhakikishe hakuna nta iliyobaki, futa mabaki kwa kitambaa chenye petroli mbali na pale ulipofanyia kazi. Kausha juani au kwa upepo wa kompresa, halafu papo hapo paka oili ya tu-stroki. Laina ya chuma iliyooshwa hivyo ikikaa mpaka kesho bila oili utaikuta na kutu.

Sasa chukua kipande cha skochibraiti ya kijani, ile ya kuoshea vyombo, kiloweshe oili, zungusha ndani kwa mkono huku ukipanda na kushuka, ili alama zipishane kama mkeka. Dakika mbili tatu. Hulengi kung'arisha, unatoa vumbi la mwisho na kuacha michirizo myembamba ya kushika oili. Msasa wa kawaida sipendi kuutumia kwenye nikeli. Chembe zake zinabaki, na zitakula ringi mpya.

Osha tena kwa sabuni. Tazama juani, si chini ya taa: ukuta uwe na rangi moja. Pitisha ukucha juu chini na kuzunguka. Mstari unaoonekana lakini ukucha haukwami, unakubalika. Ukucha ukikwama, au ukiona tabaka limemenyeka kwenye ukingo wa tundu, usifunge.

Pistoni usiisafishe kwa dawa hii hata kidogo, yenyewe ni alumini yote. Iliyoparuliwa inatupwa pamoja na ringi zake. Kabureta nayo isiikaribie kostiki. Na kama uchafu wako ni masizi ya kawaida juu ya pistoni au kwenye egzosi, hiyo ni kazi nyingine, kijiti cha mti na uvumilivu vinatosha.

Mabaki ya kostiki yapunguze makali kwa maji mengi na siki, uyamwage kwenye shimo la taka au choo cha shimo. Yasiende mtoni wala kwenye bustani ya mboga.

Tafuta kilichoiua

Ukirudisha silinda safi kwenye mashine ileile bila kujua kwa nini ilinoki, utaonana na mteja wiki ijayo, na safari hiyo atakuja amekasirika. Pistoni yenyewe inasema. Imechubuka upande wa egzosi tu: mara nyingi mchanganyiko ulikuwa na petroli kidogo hewa nyingi, au fini zimezibwa na vumbi la mbao. Imechubuka pande zote: hakukuwa na oili ya kutosha. Imechubuka upande wa kuingizia hewa, rangi imefifia kama iliyopigwa msasa: kichujio cha hewa kilikuwa kimetoboka au hakipo.

Kagua mpira unaounganisha kabureta na silinda, ukunje uone kama umepasuka. Kagua sili za kranki na kichujio cha petroli ndani ya tenki. Shika konrodi uivute juu chini, ikicheza huko chini beringi imeliwa na vumbi la alumini. Suuza kreki-kesi kwa petroli yenye oili, geuza, mwaga, rudia mpaka inayotoka haina chembe zinazometa.

Kuhusu oili, achana na kukadiria. Uwiano wa 1:50 ni mililita 20 kwa lita moja ya petroli, yaani mililita 100 kwa dumu la lita tano. 1:25 ni mara mbili ya hapo. Kitabu cha mashine kinasema upi unafaa kwa oili unayotumia. Kwa oili isiyojulikana inayouzwa kwa kupimwa, mimi naweka 1:25, moshi uwe mwingi lakini pistoni ibaki. Yule kijana nilimpa sirinji ya dawa ya ng'ombe, mililita 20, afunge kwenye dumu kwa uzi.

Kufunga na kupima

Paka oili silinda, pistoni na ringi. Mshale juu ya pistoni uelekee egzosi. Miisho ya ringi ikae kwenye pini zake ndani ya mfereji, bana ringi kwa vidole, shusha silinda taratibu bila kuizungusha. Ukiizungusha ringi inaingia tunduni na kukatika. Gaskiti mpya, boliti kaza kwa msalaba.

Kabla ya kutia petroli, funga plagi, shika mpini wa kamba ya kuwashia, uinue chenso ining'inie kwa uzito wake. Mashine yenye kompresheni itashuka kwa vituo, inasimama, inashuka, inasimama. Ya yule kijana ilishuka hivyo mara sita kabla ya kugusa meza. Ingeshuka mara moja puu, kama gunia, ningefungua tena.